Maoni Yetu: Mchepuo usiwe mlango wa kutokea shuleni

Kila Januari, matokeo ya upimaji wa kidato cha pili yakishatoka, wakuu wa shule za sekondari za Tanzania Bara huanza kuwagawa watoto wanaoingia kidato cha tatu. Huyu sayansi, huyu sanaa, huyu biashara. Shule nyingi hulimaliza jambo hilo kwa siku chache tu, kwa kutazama karatasi ya alama na idadi ya walimu waliopo. Mzazi haitwi. Mwanafunzi akiulizwa, huulizwa mbele ya wenzake: nani sayansi, mikono juu, basi. Muhula ukifika katikati, baadhi ya madawati yameshakuwa matupu, na mwalimu wa darasa anaandika katika daftari la mahudhurio kuwa fulani ni mtoro.

Tunasema mgawanyo ule na madawati haya vina uhusiano. Hatudai kuwa ndiyo sababu kubwa kuliko zote za watoto kuacha shule. Tunadai kuwa ni sababu ambayo Serikali na shule zinaweza kuirekebisha kwa gharama ndogo, na kwamba mpaka leo karibu hakuna anayeitazama.

Tuanze na lisilo na ubishi. Watoto huacha shule kwa sababu nyumbani hakuna kitu, kwa sababu shule iko mbali, kwa sababu msichana amepata mimba, kwa sababu mama anaumwa na lazima mtu abaki na wadogo. Huacha kwa sababu mwaloni kuna dagaa wa kuanika na fedha hulipwa jioni ileile. Serikali imeyashughulikia baadhi ya hayo. Waraka wa Elimu Na. 5 wa mwaka 2015 uliondoa ada mpaka kidato cha nne kuanzia Januari 2016, na mwaka 2022 msamaha huo ukafika kidato cha tano na cha sita. Novemba 2021 ikatangazwa kuwa msichana aliyejifungua anaweza kurudi darasani. Hizo ni hatua kubwa na tulizipongeza.

Hata hivyo takwimu za elimu zinazotolewa na Serikali yenyewe huonyesha mwaka hadi mwaka kuwa sababu inayoandikwa zaidi kwa wanafunzi wa sekondari wanaoacha masomo ni utoro. Mimba na mengineyo hufuata kwa mbali sana. Ofisa akishaandika utoro, faili linafungwa. Tunadhani hapo ndipo lilipaswa kufunguliwa, maana utoro ni kuacha shule kwa awamu. Mtoto haamki asubuhi moja akasema sirudi tena. Huanza kwa kukwepa vipindi viwili vya somo asilolielewa. Kisha anakosa Jumatano nzima, kwa kuwa siku hiyo ndiyo yenye vipindi hivyo. Kisha anakosa wiki ya majaribio. Akirudi, wenzake wako mbali, mwalimu anamchapa kwa utoro, na sasa ana sababu mbili za kutokwenda.

Watoto wawili wanaotoka nyumba zinazofanana kwa ufukara hawaachi shule kwa usawa. Mmoja hung'ang'ania, anatembea na njaa yake mpaka darasani. Mwingine anakuwa utingo wa daladala. Ukiwauliza walimu tofauti yao, mara nyingi watakwambia kuwa yule wa kwanza alikuwa na kitu alichokiona mbele. Alikuwa na somo moja au mawili anayoyaweza, na alijua yanampeleka wapi. Njaa huwasukuma wote wawili. Masomo waliyopangiwa huamua nani ataanguka.

Sasa tutazame masomo hayo hupangwaje.

Mtoto wa shule ya msingi ya Serikali husoma miaka saba kwa Kiswahili. Anaingia kidato cha kwanza, anapewa wiki chache za kuzoea Kiingereza, halafu anaanza Fizikia, Kemia, Baiolojia, Hisabati, Historia na Jiografia kwa lugha hiyo. Mwaka wa kwanza wote, na kwa wengi wa pili pia, anapigana na lugha. Upimaji wa kidato cha pili unamkuta hapo. Karatasi yake ya Fizikia inapima Fizikia kidogo na Kiingereza kingi, kisha alama zake zinatumika kuamua kuwa hana akili ya sayansi. Ana miaka 15 au 16.

Upande wa pili ni shule yenyewe. Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Sekondari ulioanza mwaka 2004 ulisambaza shule za kata nchi nzima, na mamia kwa maelfu ya watoto ambao wasingeona sekondari waliiona. Walimu wa sayansi na Hisabati hawakusambaa kwa kasi hiyo. Rais Jakaya Kikwete alizisukuma halmashauri kujenga maabara tatu katika kila shule, ya Fizikia, ya Kemia na ya Baiolojia. Wananchi walichangishwa, kuta zikapanda. Maabara nyingine zinafanya kazi mpaka leo. Nyingine zilibaki maboma, na nyingine zina madirisha na rangi lakini hazina gesi, maji wala kemikali. Katika shule ya namna hiyo mtoto hachagui sanaa. Sanaa ndiyo iliyobaki. Na mwenzake aliyepelekwa sayansi kwa alama zake nzuri naye hakupewa sayansi. Alipewa jina la mchepuo na mwalimu wa kujitolea anayekuja akipata nauli.

Matokeo ya kuacha Fizikia na Kemia katika umri huo hayaelezwi kwa mtoto wala kwa mzazi. Wengi hudhani kinachofungwa ni udaktari na uhandisi, vitu vya watu wachache. La. Hata mafunzo ya uuguzi na ya utabibu katika vyuo vya kati huulizia Fizikia, Kemia na Baiolojia. Msichana wa kijijini anayetamani kuwa muuguzi wa zahanati ya kwao, jambo linalowezekana kabisa, anaweza kufungiwa mlango huo Januari ya kidato cha tatu na asijue mpaka amalize cha nne. Mwenzake akilijua mapema, katikati ya kidato cha tatu, hujiuliza anasomea nini. Swali hilo likikosa jibu, duka la mjomba linaanza kuonekana la maana kuliko darasa.

Zipo Hisabati, ambazo hakuna anayeruhusiwa kuzikwepa. Kwa miaka mingi ufaulu wa somo hilo katika mtihani wa kidato cha nne umekuwa wa mtu mmoja kati ya watano, miaka mizuri mmoja kati ya wanne. Maana yake darasa zima linakaa katika somo ambalo karibu kila mtu anajua atalifeli. Tumesikia mara nyingi pendekezo kwamba basi lifanywe la hiari. Tunalipinga. Lakini tunapinga pia desturi ya kulilazimisha bila kumsaidia anayelazimishwa.

Jiji la Chicago, Marekani, lilijaribu kulazimisha bila msaada, kisha kulazimisha kwa msaada, na matokeo yake yalipimwa vizuri. Mwaka 1997 lilifuta masomo ya Hisabati hafifu na kuagiza kila mwanafunzi anayeanza sekondari ya juu asome aljebra. Watafiti waliofuatilia walikuta kwamba waliofeli waliongezeka, alama za mitihani hazikupanda, na waliokwenda vyuoni hawakuzidi. Mwaka 2003 likaja agizo lingine: wanafunzi dhaifu wabaki katika aljebra ileile lakini wapewe vipindi mara mbili, na walimu waandaliwe kwa ajili hiyo. Safari hii waliohitimu shule waliongezeka na waliokwenda vyuoni wakaongezeka. Somo halikubadilika. Kilichobadilika ni saa na msaada.

Jiji hilohilo lilitufundisha jambo la pili. Watafiti wake walionyesha kuwa mwenendo wa mwanafunzi katika mwaka wa kwanza wa sekondari, yaani amefeli masomo mangapi ya msingi na amekusanya krediti ngapi za masomo, hutabiri vizuri zaidi kama atahitimu kuliko alama alizokuja nazo kutoka shule ya chini. Aliyekuwa kwenye mstari mwaka wa kwanza alikuwa na nafasi zaidi ya mara tatu ya kuhitimu kwa wakati kuliko aliyetoka nje ya mstari. Shule zikaanza kutumia orodha hizo kuwatafuta watoto mapema, kabla hawajatoweka. Kazi hiyo haihitaji kompyuta za ajabu. Mwalimu wa taaluma mwenye daftari la mahudhurio mkono mmoja na karatasi ya alama mkono wa pili anaweza kuifanya Ijumaa mchana.

Tuje kwenye mkondo wa amali, ambao ndio tumaini kubwa la sasa.

Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014, toleo la 2023, iliyozinduliwa rasmi na Rais Samia Suluhu Hassan Dodoma Februari 2025, inataka elimu ya lazima iwe ya miaka kumi: sita ya msingi na minne ya sekondari. Sekondari hiyo ina mikondo miwili, wa jumla na wa amali. Amali ni kilimo, ushonaji, umeme, uashi, ufundi magari, mapishi, muziki, michezo na kadhalika. Shule za kwanza zilianza nao Januari 2024. Tunauunga mkono. Mtoto anayeona kwa mikono yake kuwa alichojifunza asubuhi kimewasha taa jioni ana sababu ya kurudi kesho.

Lakini nchi hii ina kumbukumbu. Baada ya sera ya Elimu ya Kujitegemea ya mwaka 1967, sekondari zetu katika miaka ya 1970 zilipewa michepuo ya kilimo, biashara, ufundi na sayansikimu. Shule za ufundi za Ifunda, Moshi, Tanga, Mtwara, Musoma, Iyunga na Bwiru zilitoa mafundi walioaminiwa nchi nzima. Kisha fedha zikapungua, mashine zikazeeka, vipuri vikakosekana, na walimu wa karakana wakastaafu bila warithi. Katika shule nyingi mchepuo ukabaki jina kwenye kibao cha getini. Karakana za aina hiyo hazikufa kwa uamuzi wa mtu yeyote. Zilikufa kwa kukosa bajeti ya mwaka wa pili.

Hatari nyingine ni kubwa zaidi, nayo ni ya heshima. Tayari yanasikika maneno kuwa amali ni ya wale ambao kichwa hakishiki. Mkuu wa shule akianza kutumia mkondo huo kama kapu la waliofeli, atakuwa amewaandikia watoto hao cheti cha kushindwa wakiwa na miaka 14, na hawatakaa kukisoma. Amali iingiwe kwa mapenzi na kwa kipaji, na anayeingia na alama nzuri watu wasimshangae.

Wala mkondo huo usimtenge mtoto na masomo mengine. Utafiti mmoja wa Marekani uliochapishwa mwaka 2008 ulifuatilia vijana waliochanganya masomo ya ufundi na ya kitaaluma. Walioanza sekondari ya juu wakiwa na umri wa kawaida walikuwa katika hatari ndogo zaidi ya kuacha shule pale walipochukua takriban somo moja la ufundi kwa kila masomo mawili ya kitaaluma. Wasio na ufundi kabisa hatari yao ilikuwa juu, na waliozamishwa katika ufundi pia ilikuwa juu. Kwa waliochelewa kuanza, wenye umri mkubwa kuliko wenzao, mchanganyiko huo haukuleta tofauti hiyo. Mafunzo mawili yanatoka hapo. Fundi abaki na Hisabati yake na lugha yake. Na mwanafunzi mkubwa kiumri, ambaye kwetu ni wengi kwa sababu ya kuchelewa kuandikishwa na kukariri darasa, anahitaji msaada wake mahususi. Kumpa nyundo pekee hakutoshi.

Upande wa kidato cha tano tatizo linageuka sura. Mwaka 2024 Serikali ilitangaza tahasusi 65, yaani kombi za masomo, badala ya 16 zilizozoeleka, zikiwa katika makundi saba, kuanzia sayansi na lugha hadi michezo, sanaa na elimu ya dini. Kwenye karatasi mtoto ana uhuru ambao kaka yake hakuwahi kuuona. Kwenye ardhi, shule iliyo karibu naye inafundisha mbili au tatu. Anajaza fomu, matokeo yanatoka, Ofisi ya Rais, Tawala za Mikoa na Serikali za Mitaa (TAMISEMI), inampangia tahasusi aliyoiweka ya mwisho katika shule iliyo mikoa mitatu kutoka kwao. Nauli, godoro, ndoo, sare mpya na michango. Baba anauza mbuzi kwa ajili ya kombi ambayo mtoto haikutaka. Kila mwaka wapo waliochaguliwa wasioripoti, na wapo wanaoripoti wakarudi kabla ya likizo ya kwanza. Mfumo wa kubadili machaguo baada ya matokeo ya kidato cha nne upo na ni jambo jema. Mtoto asiye na simu, asiye na bando na asiye na mtu wa kumweleza maana ya kila kombi hafaidiki nao.

Maelezo ndiyo yanayokosekana zaidi. Chukueni CBG. Ni tahasusi nzuri, ina Kemia, Baiolojia na Jiografia, na maelfu wameisoma wakiamini inawapeleka kwenye udaktari kwa njia isiyo na Fizikia. Vyuo vikuu vyetu hudai Fizikia, Kemia na Baiolojia kwa shahada ya udaktari wa binadamu. Taarifa hiyo imo katika kitabu cha mwongozo cha Tume ya Vyuo Vikuu. Haimo katika ubao wa matangazo wa shule ya kata, mahali ambapo uamuzi unafanyika miaka minne kabla.

Majirani zetu wa Kenya wako katika mtihani huohuo. Mfumo wao wa umilisi umewafikisha Januari 2026 kwenye kundi la kwanza la sekondari ya juu, gredi ya 10, lenye njia tatu: sayansi, teknolojia, uhandisi na Hisabati; sayansi ya jamii; na sanaa na michezo. Serikali yao inataka wanafunzi 6 kati ya 10 waingie ile ya kwanza. Lengo ni zuri, lakini lengo la taifa haliwi kipaji cha mtoto kwa kuandikwa. Shule isiyo na maabara ikijazwa idadi iliyotakiwa, itatoa asilimia nzuri ya kuandikishwa na asilimia mbaya ya kumaliza. Tuwatazame kwa makini, maana wako hatua moja mbele yetu.

Wapo watakaotujibu kuwa tunawadekeza watoto. Zamani, watasema, ulisoma ulichopangiwa na ukamaliza. Zamani waliofika sekondari walikuwa wachache waliochujwa kwa nguvu, shule zilikuwa za bweni, walimu walikuwapo, na aliyemaliza kidato cha nne alikuwa na kazi inayomngoja. Leo tunamwita kila mtoto, na tumefanya vizuri kumwita. Huwezi kumwita kila mtoto ukamtendea kama yule mteule mmoja wa kata.

Wengine watasema hakuna fedha. Walimu wa sayansi na vifaa vya karakana vinahitaji fedha kweli, na tutaendelea kuzidai katika kila bajeti. Ila mengi tunayoyaomba leo yanahitaji karatasi, kikao na uamuzi.

Kwanza, kabla ya mgawanyo wa kidato cha tatu, kila shule ibandike hadharani orodha ya masomo inayofundisha kwa kweli: somo, mwalimu aliyepo, vipindi kwa wiki, na kama maabara au karakana inafanya kazi. Ofisa elimu sekondari wa wilaya aitie saini. Somo lisilo na mwalimu lisipangiwe mwanafunzi mpaka halmashauri iseme kwa maandishi mwalimu anakuja lini. Mzazi akiona orodha hiyo atajua anachosaini.

Pili, mzazi na mwanafunzi wakae na mwalimu, hata kwa robo saa, kabla ya jina kuandikwa. Wapewe ukurasa mmoja kwa Kiswahili unaosema mchepuo huu unafungua vyuo gani na unafunga vipi. Tume ya Vyuo Vikuu na Baraza la Taifa la Elimu na Mafunzo ya Ufundi na Ufundi Stadi wanazo taarifa zote. Wanachotakiwa ni kuziandika kwa lugha ya mzazi na kuzifikisha shuleni. Shule nyingi zina mwalimu wa ushauri na unasihi kwa jina. Apunguziwe vipindi ili awe na saa za kazi hiyo.

Tatu, uamuzi uweze kutenguliwa. Mwanafunzi aruhusiwe kubadili mchepuo mpaka mwisho wa muhula wa kwanza wa kidato cha tatu, na shule iwe na wajibu wa kumfidia vipindi alivyokosa. Aliyekosea Januari asihukumiwe mpaka mtihani wa mwisho.

Nne, neno utoro likiandikwa, liandikwe na masomo. Ofisi ya Rais TAMISEMI iongeze safu mbili tu katika taarifa ya wanaoacha shule: alikuwa mchepuo gani, na alikuwa akifeli masomo gani kabla ya kuanza kukosa. Baada ya miaka miwili tutajua kwa takwimu zetu wenyewe ni wapi watoto wanavuja, na hatutalazimika kuazima ushahidi wa Chicago. Na tangu kidato cha kwanza, aliyefeli masomo matatu na kukosa siku nyingi ajulikane kwa jina katika kikao cha walimu kila mwezi.

Tano, Hisabati zibaki za lazima na msaada wake uwe wa lazima pia. Walio dhaifu wapewe vipindi vya ziada ndani ya ratiba, katika saa za shule, bila fedha ya tuisheni. Tuisheni ya kulipia huwasaidia wale ambao wasingeacha shule hata hivyo.

Sita, amali isifunguliwe kwa kibao. Shule ipewe vifaa na mwalimu kwanza, wanafunzi baadaye, na bajeti ya vipuri na malighafi iwe ya kila mwaka. Mhitimu wake aendelee kidato cha tano au chuo cha ufundi bila kuulizwa kwa nini hakusoma mkondo wa jumla. Vyuo vya ufundi stadi vya VETA vilivyo jirani na shule vifungue karakana zao kwa wanafunzi hao, badala ya kila shule kusubiri yake.

Saba, wanaorudi. Msichana aliyejifungua na kijana aliyekwenda machimboni akajuta wanaruhusiwa kurudi, ama katika shule ama kupitia vituo vya Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima. Mara nyingi wakirudi hukuta mchepuo wao haupo au umejaa. Arudiye apewe haki ya kuendelea na masomo aliyoyaacha au kuchagua upya, na asipangiwe tu palipo na nafasi.

Kwa nini tunasema sasa? Kwa sababu mwaka 2027 watamaliza shule ya msingi kwa pamoja watoto wa darasa la saba wa mfumo unaoondoka na wa darasa la sita wa mfumo mpya. Januari 2028 makundi hayo mawili yataingia kidato cha kwanza siku moja. Mijadala mingi inayohusu mwaka huo ni ya madarasa, madawati na matundu ya vyoo, na ni ya lazima. Ila watoto hao wakishakaa, swali litakalofuata ni watasoma nini na nani atawafundisha. Tukiwagawa kwa mtindo wa mikono juu tunaoutumia leo, tutakuwa na idadi kubwa kuliko zote ya waliopokelewa, na miaka miwili baadaye idadi kubwa kuliko zote ya walioandikwa watoro.

Wizara ya Elimu, Sayansi na Teknolojia na TAMISEMI zinaweza kuanza na waraka mmoja wenye mambo mawili ya kwanza: orodha ya masomo yenye walimu ibandikwe, na mzazi aitwe kabla ya mgawanyo. Hakuna sheria inayohitaji kubadilishwa kwa hayo wala mkopo wa kutafutwa. Utoke kabla shule hazijafunga Desemba, ili Januari ijayo mtoto wa kidato cha tatu aingie katika mchepuo anaoujua, wenye mwalimu, na wenye mahali unapompeleka.